Mtihani Ambao Mimi Sikuufikia

Niliacha shule darasa la saba, wiki mbili baada ya kumzika mama. Baba alikuwa ametangulia. Nikabaki na mdogo wangu wa kike, aliyekuwa bado akibebwa mgongoni, na meza ya kuuzia omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni Rongo.

Mdogo wangu alipoingia gredi ya tisa, alikuwa na neno moja tu: uuguzi. Ili aufikie, alihitaji alama za kumpeleka shule ya upili yenye maabara, akasome sayansi. Nikaapa kwamba atazipata. Kwa muuza vitabu vikuukuu nilinunua rundo la karatasi za mtihani wa darasa la nane, ule wa mtaala wa zamani, ambao mimi sikuufikia. Kwangu mtihani ulikuwa mtihani. Mtaala mpya niliuona kama jina jipya tu.

Kila Ijumaa saa saba mchana nilimtoa shuleni. Alikaa juu ya debe nyuma ya meza akijibu maswali hamsini, A hadi D, nami nikiangalia saa huku nikipima omena kwa gorogoro.

"Nyathina, mwanangu," mama mmoja mzee aliniambia, "hawa omena wako watapata cheti kabla ya huyu mtoto."

"Wakipata, mama, bei inapanda."

Hata mdogo wangu alicheka siku hiyo.

Lakini Ijumaa mchana ndiyo ilikuwa saa ya mradi. Wenzake walitengeneza mboji na kupanda sukuma wiki kwenye magunia nyuma ya darasa, kila mmoja na gunia lake, mwalimu akipita na daftari.

"Dada, mwalimu anasema mradi una alama."

"Alama za kubeba samadi? Samadi si iko hata nyumbani? Shika kalamu."

"Lakini dada..."

"Swali likikushinda, weka C. Usiache nafasi."

Mwalimu alipomuulizia, niliandika barua kwamba mtoto anauguza mgonjwa nyumbani. Niliandika barua tatu za namna hiyo, zote za uongo, kwa mwandiko mzuri kabisa.

Matokeo yalipotoka, alipangiwa shule ya kutwa ya hapa karibu, isiyo na maabara, asome masomo ya jamii. Nilimwendea mwalimu wake nikiwa na hasira. Alifungua daftari, akaweka kidole kwenye mstari wa mdogo wangu. Visanduku vya mradi vilikuwa vitupu.

"Kwenye karatasi alijitahidi," alisema. "Lakini alama za mradi zinajumlishwa. Ningeandika nini, mama? Wewe uliniambia anauguza."

"Hawezi kuufanya sasa?"

"Alama zilishapelekwa."

Tulikwenda Homa Bay kwenye shule aliyoitaka, kuomba nafasi. Tulipanga foleni tangu asubuhi. Karani alitazama alama zake, akasema upande wa sayansi umejaa, na waliomzidi bado wako nje wanangoja. Tulipofika stendi nilinunua mahindi ya kuchoma. Mdogo wangu hakula lake.

"Ulikuwa unanifundisha mtihani wako, dada," alisema, bila kuinua sauti. "Wangu hukuuliza uko vipi."

Miaka yote nilikuwa nimeweka akiba jibu moja, kwamba shule niliiacha kwa ajili yake. Pale stendi halikutoka.

Sasa yuko gredi ya kumi katika ile shule ya kutwa. Asubuhi namfungia nyoyo, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, anaondoka. Muhula ulipoanza nilikwenda kwa mwalimu wake mpya, nikamwambia niliishia darasa la saba, kwa hiyo anieleze polepole kila kitu kinachohesabiwa. Alinieleza, nami nikaandika. Nilipouliza kuhusu uuguzi, alisema kwamba kuhamia sayansi kutoka hapo ni vigumu, na hajaona aliyefaulu.

Hilo nalo niliandika. Jioni nilimsomea mdogo wangu yote, pamoja na hilo la mwisho.