Tarumbeta Sebuleni kwa Mama

Chumba changu pale Nyeri mjini ni kuta za mawe, sakafu ya simiti, kitanda na jiko. Ukipiga chafya, inakurudia kukusalimia. Sasa fikiria tarumbeta.

Bendi moja ya harusi ilitaka mpigaji. Kiongozi wao aliniomba video ya wimbo mmoja kabla ya Jumapili. Mimi nilikuwa nimeshajiona ndani ya suti nyeupe, nikipulizia maharusi kutoka Murang'a hadi Kagio. Nikatuma. Akajibu upesi: "Kijana, unapigia ndani ya tangi?"

Wataalamu wa mtandaoni, ambao hawajui lolote ila hawana haya, walisema trei za mayai humeza mwangwi. Nikaomba trei kuukuu kwa mfugaji kuku, nikazibandika ukutani kwa uji mzito wa ngano. Chumba kikafanana na banda, kikanuka kama banda. Viroboto wa kuku, ambao hakuna mtaalamu aliyewataja, wakahamia kitandani kwangu. Jirani muuza viazi akachungulia.

"Ati siku hizi unataga?"

"Hapana, mama. Nazuia mwangwi."

"Na hiyo kelele yenyewe utazuia lini?"

Nikarekodi tena huku nikijikuna. Jumamosi asubuhi jibu likaja: "Bado ni tangi. Kesho ikifika hujatuma nyingine, tunachukua mtu mwingine."

Jumamosi hiyo hiyo nikaenda nyumbani Tetu, tarumbeta mgongoni. Mama hakuwa jikoni. Nikaingiza kichwa sebuleni nikamwita, na sauti yangu ikafia pale pale, laini, bila kurudi. Nikatazama huku na huku. Makochi yamebana kuta zote, kila kochi na kitambaa chake, kila kitambaa na kitambaa kingine juu. Hata redio ilikuwa imevishwa. Zulia, pazia hadi chini, na kwenye kona rundo la mablanketi waliyonunuliana kwenye chama cha akina mama, ambayo hayajawahi kumfunika binadamu.

Lakini sebule ni ya wageni. Sisi wa nyumbani tumekulia jikoni na moshi wetu, tukiwalindia makochi watu wasiokuja.

"Mama, nipigie hapa?" nilimuuliza aliporudi kutoka kukamua.

"Hapa ni pa wageni."

"Wageni gani? Tangu nizaliwe nawangoja."

"Na wakikuja leo wapate umetemea zulia mate? Si hiyo kitu yako inatoa mate?"

Inatoa. Nikaacha utani nikamweleza: bendi, kesho, na kwamba sina chumba kingine duniani. Akaitazama tarumbeta, kisha zulia.

"Toa viatu. Na mate utemee kwa karai."

Akaniletea karai, kisha akakaa ukingoni mwa kochi, magoti pamoja, kama aliyealikwa. Sikuwa nimewahi kumwona amekaa pale. Nikawasha kamera ya simu, nikapuliza. Kila noti ilitoka safi, ikatulia mahali pake. Nikatuma video bila hata kuitazama.

Jumapili baada ya ibada simu ikalia.

"Umeingia," kiongozi akasema. "Lakini huyo mama aliyesema 'amina' mwishoni, hatuwezi kumlipa."