Kuku, Mbuzi, Kima

Mtu wa Tanga mjini haambiwi kwamba hajui baiskeli. Mji wetu ni tambarare, na tumekua tukiona bibi anakwenda sokoni kwa baiskeli, mwalimu wa madrasa anakwenda kusomesha kwa baiskeli, na kitanda cha harusi kinahamishwa kwa baiskeli mbili. Kwa hiyo nilipopanda milima ya juu ya Muheza kuomba kazi ya kuongoza wageni kwenye njia za baiskeli za msituni, nilikwenda kama mtu anayefuata kitu chake.

Nilikuwa nimeshapita kazi nyingi. Niliacha shule darasa la sita. Nikapasua mawe Pongwe, nikauza kahawa Makorora, kisha nikakaa kwa fundi baiskeli wa Mabawa mpaka nilipoona hakuna nati nisiyoijua. Hapo nikachoka. Mama yangu husema mimi ni mgeni hata nyumbani kwake, na hakosei sana.

Aliyekuwa akisimamia njia zile ni dada mmoja wa kule kule mlimani, Mbondei, mdogo kwangu kwa miaka kadhaa. Alinipeleka kwenye kibanda kilichopo juu ya kilima, mahali njia zote tatu zinapoanzia. Wageni wanazijua kwa rangi za vigingi: kijani, buluu na nyeusi. Wanakijiji wana majina yao. Ya kijani ni Kuku. Inazungukazunguka katikati ya mikarafuu, na aliyejifunza baiskeli jana anaipita. Ya buluu ni Mbuzi. Ina mawe na kona kali. Nyeusi ni Kima. Hiyo inashuka kwenye msitu mzito, juu ya mizizi na ngazi za mawe, na kima wenyewe hukaa juu ya miti wakikutazama unavyohangaika.

"Utaanza na Kuku," akaniambia.

"Dada, mimi nimetoka Tanga."

"Ndiyo maana."

Mchana ule alikwenda msibani kijijini akaniacha na baiskeli. Nikazikagua moja moja. Zilikuwa nzuri, ila zote zilikuwa na breki ya mbele, tena kali. Kwetu fundi akipokea baiskeli mpya, kitu cha kwanza ni kuilegeza ile breki. Breki ya mbele inaua, ndivyo tulivyofundishwa. Inakurusha juu ya usukani. Breki ya nyuma inatosha, na ikishindwa kuna kisigino. Basi kwa roho safi kabisa nikachukua spana nikalegeza zote.

Asubuhi akachukua baiskeli yake akashika njia ya Mbuzi. Kwenye kona ya kwanza nikasikia matawi yakivunjika. Alirudi anaikokota, tope mpaka kwenye viwiko, jani la iliki limenasa kwenye mtandio.

"Nani kagusa breki?"

"Mimi. Nimekurekebishia."

Akakaa juu ya jiwe. "Kaka, kwani nimekukosea nini?"

Nikamweleza habari za breki ya mbele. Alinisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema, "Huko kwenu inaua kwa sababu mnakaa wima kama mnakwenda kuposa. Hapa ya nyuma peke yake inateleza tu. Unafika chini kabla ya tairi."

Nilidhani atanifukuza pale pale. Badala yake akanipa sharti. Wageni walikuwa wanakuja kabla ya masika, na alitaka mtu wa kuwashusha Kima. Nikiweza kuishuka yote bila kuweka mguu chini, kazi ni yangu. Nikishindwa, nirudi kwa fundi wangu.

Nilijishangaa nilivyoitaka kazi ile. Mahali pengine, nikishajua kinachofanyika, miguu huanza kuniwasha. Msituni kila siku nilikuta jambo la kuuliza: kwa nini jiwe hili limeota majani kama manyoya na lile la jirani liko tupu, ni mnyama gani aliyefukua hapa, kwa nini mti huu una mizizi mirefu kuliko ukuta wa nyumba. Nilikuwa sijamaliza kuuliza. Sikutaka kuondoka.

Nilipokwisha kuzikaza tena breki zote, akanianzisha kwenye Kuku nijifunze upya. Kuinama, makalio nyuma, viwiko wazi, kidole kimoja kwenye breki ya mbele.

"Taratibu," alikuwa akisema. "Unaikaba kama kuku wa Idi."

Mjomba wake alikuwa akitupita pale na baiskeli ya chuma iliyobeba mikungu ya ndizi, tawi la mti limefungwa nyuma likiburura chini ili kumpunguzia mwendo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Bado uko Kuku?"

"Bado."

"Haya. Ukitaga utuite."

Nikatoka Kuku nikaingia Mbuzi. Nilianguka, nikainuka, na kidole kikaanza kujua chenyewe lini kibane na lini kiache. Siku mawingu yalipoanza kujazana juu ya vilima, dada akasema hakuna tena kungoja. Mvua ikinyesha Kima inafungwa.

Tuliteremka, mimi mbele, yeye nyuma akiniangalia. Ngazi za mawe nikazipita. Mizizi ya kwanza nikaipita, sijui vipi. Kima mmoja akalia juu yangu nami sikuinua macho. Chini kabisa, pale ambapo tayari unauona mwanga wa shamba, gurudumu la mbele likasita kwenye mzizi wa mwisho, baiskeli ikainama, na kiatu changu kikagusa udongo.

"Mguu," nikasikia nyuma yangu.

"Ni ncha ya kiatu tu."

"Ncha hiyo ya nani?"

Nikashuka, nikaigeuza baiskeli. Tulirudi kibandani nikaanza kukunja nguo zangu kwenye begi. Akasimama mlangoni akinitazama.

"Unakwenda wapi?"

"Si ulisema nikishindwa nirudi?"

"Nilisema habari za Kima. Kima nitawapeleka mwenyewe mpaka utakapoiva. Mbuzi utamwachia nani?"

"Hukusema kama kuna kazi Mbuzi."

"Hukuuliza. Mtu wa maswali yote yale, hilo hukuuliza."

Nikazikunjua nguo.

Wageni walipofika, wachache wenye kujiamini walimfuata yeye, waoga wakaenda Kuku na mjomba, aliyeziweka ndizi zake kando kwa siku hizo. Waliobaki, wale wasiojijua bado, wakawa wangu. Niliwapenda. Walianguka, wakacheka, wakaniuliza majina ya miti, na niliyoyajua niliwaambia.

Kisha masika yakaanza. Wageni hakuna, Kima imefungwa. Asubuhi ya kwanza baada ya mvua kubwa nilichukua jembe bila kutumwa na mtu nikashuka Mbuzi peke yangu. Kwenye kona ya pili maji yalikuwa yameanza kuchimba mfereji katikati ya njia. Nikachonga mkondo mdogo pembeni, nikasimama kando nione kama maji yatakubali kupita huko. Yalizubaa kidogo, yakazunguka, yakakubali. Nikaweka jembe begani nikaenda kuangalia kona ya tatu.