Ulimi wa Loise na Jicho la Simbilisi

Kijijini Hewani, kabla zahanati haijafunguliwa, mtu aliyeingiwa na kapi jichoni hakuulizwa anakwenda wapi. Alishikwa mkono akapelekwa kwa Loise, mke wa Gershom, naye Loise aliacha alichokuwa akifanya, akasukutua kinywa mara tatu kwa maji safi, akamlaza mgonjwa chali mkekani na kumlamba jicho. Ndiyo, kumlamba. Ulimi ulipita taratibu chini ya kope, ukatafuta, ukapata, na Loise akatema kiganjani kijikapi cha mpunga ambacho wewe na mimi tungehitaji kukikodolea macho ili tukione. Mgeni aliyeshuhudia mara ya kwanza aligeuza uso pembeni. Mwenye jicho hakuwa na nafasi ya kuona haya, na anayetaka kucheka akapure mpunga siku ya upepo kwanza, kisha arudi tuzungumze.

Kazi hiyo Loise aliirithi kwa mama yake, pamoja na masharti yake. Msimu wa kupura hakuonja pilipili wala ndimu, ulimi usije ukamchoma mtu. Na kwa kuwa Loise hakuwa mwanamke wa kupika vyungu viwili, nyumba nzima ilikula mchuzi wa kitoto miezi miwili kila mwaka. Gershom alilalamika kwa miaka thelathini na mitano, na kwa miaka thelathini na mitano alikula.

Kulikuwa na jicho moja tu ambalo hawakulizungumzia, nalo lilikuwa la Gershom mwenyewe, la kushoto. Miaka kumi na tisa iliyopita kapi lilimwingia akiwa anapepeta, mkewe akalitoa vizuri, akaomba maziwa ya mama kwa jirani aliyekuwa ananyonyesha, akayadondosha jichoni, akalifunga kwa kitambaa. Akamwambia akae nalo siku tatu, kama mama yake alivyokuwa akiwaambia watu. Siku ya nne kitambaa kilipofunguliwa, kioo cha jicho kilikuwa cheupe. Shemeji mtu alimpeleka hospitali kubwa huko pwani, Loise akabaki na watoto na mpunga uliokuwa uwanjani, na Gershom akarudi na jicho moja la kuonea. Tangu hapo, wakitembea pamoja, alikaa kushoto kwa mkewe, ili amwone kwa jicho la kulia.

"Alilisugua," Loise aliwaeleza waliouliza. "Baba Pauline mkono wake haukai. Nilimwambia asiguse, akagusa." Gershom aliyasikia hayo mara nyingi akiwa amekaa papo hapo, akitengeneza mpini wa jembe au akimenya muhogo, na hakuwahi kujibu neno.

Miaka ikaenda. Zahanati ikafunguliwa, ikaletwa nesi kijana anayeitwa Joy, na vijana wakaona afadhali kuangaliwa jicho kwa tochi kuliko kwa ulimi. Loise hakuwalaumu hadharani, ila iliuma. Kuna misimu alijinyima pilipili bure, hakuja hata mtu mmoja. Watoto nao walishatawanyika. Nyumba ilikuwa imepoa mno, ndipo Pauline, binti yao anayefundisha shule huko Madogo, alipokuja likizo na kikapu chenye simbilisi.

Simbilisi, kwa asiyemjua, ni mnyama wa kufugwa aliye mkubwa kuliko panya na mdogo kuliko sungura, hana mkia, na akisikia mtu anakuja na majani hupiga mluzi. Hewani walimwangalia wakauliza kama analiwa. Gershom akawajibu kwamba huyu si mboga, huyu ni karani, maana alikuwa na mtindo wa kukaa ameweka mikono mbele kama anayesubiri barua za kupiga muhuri. Jina likashika. Baada ya mwezi Karani alikuwa analetewa majani ya viazi na vipande vya mapera kabla wenye nyumba hawajanywa chai, na wazee wawili waliokuwa wameishiwa na maneno walianza tena kubishana, nani kamlisha na nani hajamlisha.

Siku za kwanza Loise aliwahi kushtuka. Karani alitokwa na majimaji meupe machoni, akayapaka mikononi, akajifuta nayo uso. Loise alimpigia Pauline simu, na Pauline akamwambia asiwe na wasiwasi, simbilisi ndivyo walivyo, maji hayo meupe ndiyo sabuni yao. Loise akafurahi kujua jambo la macho ambalo hakuwa akilijua. Akalihadithia kijiji kizima.

Basi siku jicho la kulia la Karani lilipoanza kutoa weupe, Loise alisema anaoga. Gershom alitazama, akasema mbona anaoga jicho moja. Loise akamwambia asiwe mjuaji. Siku ya pili jicho lilifumbwa nusu na manyoya chini yake yakalowa. Siku ya tatu Karani hakupiga mluzi. Ndipo Loise alipomshika, akasukutua kinywa mara tatu kama zamani, akapitisha ncha ya ulimi chini ya kope lile dogo, na ulimi ukakutana na kitu anachokifahamu vizuri. Lilikuwa kapi la mpunga.

Alitambua papo hapo limetoka wapi. Ni yeye aliyemtandikia Karani makapi kutoka mashineni, gunia zima, kwa kuwa ni mepesi na yanakausha mkojo. Mtu aliyewatoa watu makapi machoni maisha yake yote alikuwa amemlaza mnyama juu ya makapi hayo hayo. Aliyamwaga yote, akatandika vitambaa vya kanga kuukuu, akajilaumu kidogo, lakini ndani ya moyo alikuwa na furaha, maana ulimi wake bado ulikuwa unaona. Akasema sasa jicho lipumzike siku tatu.

Siku ya tatu alipomnyanyua Karani kwenye mwanga wa mlango, kioo cha jicho kilikuwa na ukungu mweupe unaoelekea buluu. Loise aliufahamu weupe ule. Alikaa kizingitini na mnyama mapajani, na hakumwita mumewe aje kuona.

"Nampeleka Garsen," alisema tu, akitafuta kikapu chenye kifuniko.

Baya, kijana wa bodaboda, alimchukua kupitia Idsowe, naye akaendesha polepole kama alivyoombwa. "Mama, huyo kuku wako amelala?" aliuliza njiani.

"Si kuku. Ni mgonjwa," alisema Loise.

Haroun, afisa wa mifugo wa Garsen, alizoea ng'ombe wa Waorma na mbuzi, na alipofunua kikapu alitabasamu. Tabasamu likaisha alipoliona jicho. Alichukua kikaratasi chenye rangi alichopewa na rafiki yake wa kliniki ya macho, akakilowesha, akakigusisha jichoni, akamulika tochi. Katikati ya jicho pakawaka doa la kijani.

"Kitu kilimchoma," alisema. "Nani alikitoa?"

"Mimi."

"Kwa kitu gani, mama?"

"Kwa ulimi."

Loise alisubiri acheke. Haroun hakucheka, alimulika tena. "Ulikitoa chote. Hakuna kilichobaki humu. Lakini hili doa la kijani ni kidonda. Kapi likichoma linaacha mkwaruzo, na mkwaruzo ukikaa bila dawa unaingia uchafu, unachimba. Umekaa naye siku ngapi tangu ulitoe?"

"Tatu."

"Kwa nini tatu?"

Mama yake Loise alisema tatu. Hakuwahi kumwuliza kwa nini.

Haroun alimpa chupa ndogo ya dawa ya matone, mara nne kwa siku, akamwonya asije akamtia dawa ya macho iliyobaki kwa jirani, kwani zipo zinazotuliza wekundu huku kidonda kikizidi kuliwa. Akamwambia jicho huenda likapona, huenda likabaki na kovu, wiki moja itasema. Loise alifunga kikapu. Alikuwa amefika mlangoni aliporudi.

"Na mtu?" aliuliza. "Mtu naye ni hivyo hivyo?"

"Jicho ni jicho, mama. Akishatolewa kapi aende akaangaliwe siku hiyo hiyo. Kuna watu wanatia maziwa na kufunga kitambaa. Hapo ndipo wanaliua, kidonda kinakaa na uchafu gizani, hakuna anayekiona."

Haroun hakuwa na habari kwamba anamsema yeye. Alishageukia mtu mwingine aliyekuja na ndama.

Nyumbani Gershom alikuwa ameshakata mapera vipande. Wakagawana kazi: yeye alimfunga Karani kwenye leso, kichwa tu kikabaki nje, na Loise akadondosha dawa. Saa walizifuata kwa taarifa za habari redioni. Siku mbili zilipita hivyo, Loise akizungumza mambo ya chumvi na kuni tu, na kila alipoinamia jicho la Karani alikuwa akiliona lile jingine, karibu kabisa, juu ya mikono iliyoshika leso. Alikuwa amemsingizia mwenye jicho lile miaka kumi na tisa. Siku ya tatu, tone likiwa bado halijadondoka, alisema.

"Baba Pauline, jicho lako hukulisugua. Ni mimi niliyeliua, na kile kitambaa."

"Shika chupa vizuri, tone litamwagika," Gershom alisema. Kisha akasema, "Najua."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu kule hospitali. Daktari alisema kitambaa ndicho kilicholiua, akaniuliza nani amefunga hili jicho. Nikamwambia nimelifunga mwenyewe."

Loise aliweka chupa chini. Alitarajia aibu, na aibu ilikuja, lakini iliyotangulia ilikuwa hasira. "Miaka yote hiyo unaniacha nakusema mbele za watu?"

"Ungejua, ungeacha. Mwezi ule ule walikuja watu saba. Wangekwenda kwa nani? Mvua ilikuwa imekata barabara, zahanati hakuna."

"Ningelitoa kapi na nisingefunga kitambaa. Hilo tu, Baba Pauline. Kama ungeniambia hilo tu." Kisha akauliza swali alilotoka nalo Garsen. "Kuna mwingine aliyeharibikiwa?"

"Nimewaza sana. Wa hapa nimewaangalia wote, wanaona. Wale waliokuja kutoka mbali sijui. Hawakurudi kusema."

"Ulifanya vibaya kunificha."

"Nilifanya vibaya," alikubali. "Niliogopa utakaa humu ndani na huo ulimi wako, husemi na mtu. Haya, mtie dawa, taarifa inakwisha."

Loise alimtia dawa. Machozi yalimtoka, akayaacha yatoke, na mumewe akaendelea kumshikia Karani.

Jicho la Karani lilipona. Lilibaki na kovu dogo jeupe pembeni, na mluzi ukarudi kabla wiki haijaisha. Makapi hayakuingia tena kwenye sanduku lake. Pauline alipiga simu kuuliza hali, mama yake akamwambia jicho linaona, mengine atamweleza akija.

Msimu wa kupura ulipofika Loise aliacha pilipili kama kawaida, na Gershom akalalamika kama kawaida. Siku moja ya upepo Batula, mama wa Kiorma anayewauzia maziwa, alipita karibu na uwanja wa mpunga, na baada ya hatua chache akaweka mitungi yake chini, mkono jichoni. Hakuitafuta zahanati. Alikuja moja kwa moja kwa Loise, kwa kuwa mama yake na dada zake nao walitolewa makapi hapo. Watu watano sita waliokuwa wakipura wakasogea kutazama, wengine vijana ambao hawakuwahi kuiona kazi hiyo, naye Gershom alikuwa pembeni akichonga mpini wa jembe.

Loise alisukutua kinywa mara tatu, akamlaza, akamlamba jicho. Kapi likatoka. Batula akapepesa, akacheka kwa ahueni, akachomoa kitambaa begani mwake na kumpa.

"Nifunge basi, mama. Siku tatu, si ndiyo?"

"Hapana. Vaa viatu, tunakwenda kwa Joy. Kapi limetoka, kidonda bado kimo."

"Si wewe uliyekuwa unasema siku tatu?" aliuliza mpuraji mmoja, kwa utani.

"Nilikuwa nasema," Loise alijibu, akainua sauti ili wote wasikie. "Nikamfunga Baba Pauline, likafa jicho. Halafu nikamsingizia kwamba alilisugua. Hakulisugua."

Loise alimshika Batula mkono na kuanza kutembea kuelekea zahanati, asijue kama amefanya vizuri au amejimaliza. Nyuma yake alisikia mpini wa jembe ukiwekwa chini, na nyayo anazozifahamu zikija kwa haraka kidogo. Gershom akawafikia, akapita nyuma yao, akaja kutembea kushoto kwa mkewe, upande ambao anaweza kumwona.