Siku Niliyonunua Ngamia Wanne na Kumkana Baba

Haya, chekeni kwanza mmalize, maana nikianza sitaki kukatizwa. Mimi ndiye yule Mwarabu aliyenunua ngamia wanne Garissa na mfukoni hana hata pesa ya mkia wa ngamia, na aibu yake bado ninayo.

Mjue sisi ni Waarabu wa mtaa wa Waberi, baba yangu anashona viatu kwenye lango la soko la mifugo, na Kiarabu chetu kinaishia kwenye swala. Lakini wapi, ukiwa na pua hii kila mtu ana hakika una duka, una lori na una mjomba Dubai, na ukiulizia mbuzi bei inapanda kabla hujamaliza salamu.

Dada yangu alikuwa amejifungua mtoto wa kike, siku ya saba imefika, wageni wako njiani kutoka Bura, na baba akanipa pesa ya mbuzi wa akika akasema, "Leo nenda wewe, umeshakuwa mtu mzima." Basi mtu mzima akavaa kanzu iliyopigwa pasi na miwani ya jua (nani alinituma na miwani?), akaingilia lango la nyuma ili asionekane na fundi viatu.

Dalali mmoja, Dekow, akanidaka. "Sheikh, karibu. Umetoka Saudia?"

Ningesema hapana yakaisha. Nikasema, "Naam." Maisha yangu yote naitwa tajiri na sijawahi kufaidi hata kikombe cha chai, nikaona leo nifaidi. Nikaletewa kiti na chai ya maziwa ya ngamia, watu wakanizunguka kwa heshima, nami nikanyoosha miguu huku Dekow akinisifia mifugo iliyokuwa mbele yetu.

Sasa pale bei haitamkwi mbele za watu. Dalali anakushika mkono chini ya shuka, mnabonyezana vidole, kila kidole na hesabu yake. Mimi sijui hata kimoja na kuuliza naona haya, kwa hiyo Dekow aliponibana vidole vitatu nami nikambana vyote vitano, kwa adabu tu. Akasema alhamdulillahi, watu wakanipa pongezi, na nilipogeuka ngamia wanne walikuwa wanapakwa rangi nyekundu, alama kwamba wana mwenyewe.

Jasho likanitoka. Mama muuza chai akanitazama usoni kwa muda. "Dekow, huyu si mtoto ya Omar, fundi ya viatu?"

Nami (Mungu anisamehe) nikasema, "Mama, umenifananisha. Simjui Omar."

Dekow si mtu wa kubishana, akatuma Omar aitwe. Baba akaja na sindano mkononi, na yule mama akamweleza yote, mpaka lile neno langu. Baba akatazama kanzu, akatazama miwani, akatazama ngamia.

"Omar, huyu mtoto yako?" Dekow akauliza.

"Mimi sina mtoto wa kununua ngamia," baba akajibu taratibu. "Nina mmoja nimemtuma mbuzi. Mkimwona mwambieni wageni wamefika."

Soko zima likacheka, Dekow akacheka mpaka akakaa chini, kisha akafuta ile biashara na kututafutia mbuzi mzuri kwa bei ya jirani. Baba peke yake hakucheka. Tulirudi Waberi yeye mbele, mimi nyuma navuta mbuzi.

Siku hizi mtu akiniuliza mimi ni mtoto wa nani, namtajia Omar fundi viatu kabla hajamaliza swali. Na asiyeuliza namtajia vilevile.