Onyo Kabla ya Mkasi

Darasani niliishia la nne, lakini mwaka 1992 ni mimi fundi wa kwanza pale mtaani Muhima kuweka kompyuta kando ya cherehani. Maofisa wa serikali kule Kimihurura niliowashonea suti walikuja kuitazama. Kioo cheusi, herufi nyeupe. Unaandika amri, vipimo vya mteja vinatokea: kifua, kiuno, mkono. Fundi gani mwingine alikuwa nayo? Hakuna.

Ila programu yenyewe sikuitengeneza mimi. Aliitengeneza dada mmoja wa Bukavu, mtaalamu wa kompyuta na mteja wangu, ambaye alipita dukani kila Jumamosi. Namshukuru mpaka leo.

Siku moja niliingiza vipimo vya kwaya fulani kwa jina "kwaya", nikasahau kwamba kwaya nyingine ilishakuwemo kwa jina hilohilo. Mashine ikaandika: "Faili ipo. N/H?" Mimi nikafikiri inanihakikishia kwamba kazi yangu iko salama. Nikabonyeza N, yaani ndiyo; H ni hapana. Waimbaji thelathini wa ile kwaya ya kwanza wakafutika, ikabidi niwaite kupimwa upya. Mama mmoja aliniuliza nani kanipa habari kwamba amenenepa.

Jumamosi dada akaniambia, "Fundi, mashine ilikuonya."

"Ilinionya nini? Imesema faili ipo. Hata mimi nipo."

Alicheka, lakini akashikilia kwamba watu wa kompyuta huandika hivyo, kwa kifupi. Tulikuwa bado tunabishana alipoingia mzee mmoja na kitambaa, anataka koti na suruali. Nikakitandika, nikapima, nikashika mkasi, nikamwambia ninavyomwambia kila mteja:

"Mzee, hapa kuna mita mbili na nusu. Nikikata koti, suruali haitoki, na kikishakatwa hakirudi. Ukitaka vyote, leta mita moja zaidi kwanza. Nikate au nisubiri?"

Mzee akasema nisubiri. Kugeuka, namkuta dada anayaandika maneno yangu nyuma ya risiti.

Jumamosi iliyofuata alirudi na disketi mpya, yenye programu ileile ila maonyo ameyaandika upya. Na kwa kuwa alishajua kidole changu kinavyokimbilia N, aliiondoa N kabisa. Nililalamika kwamba sasa mashine inaongea kama wakili. Akaniambia nivumilie.

Baadaye nikapata kazi kubwa: sare za shule moja ya wasichana kule Ndera. Niliwapima wote mwenyewe, siku tatu nzima, kisha shule ikafungwa wakatawanyika likizo, kila mmoja kwao. Sare zilitakiwa siku ya kufungua. Vipimo vile vikipotea, kazi imepotea, na jina langu nalo.

Asubuhi moja walimu watatu wa shule hiyohiyo wakaja kupimwa suti. Nikawaonyesha mashine kwa maringo yangu yote, nikaingiza vipimo vyao, na bila kuwaza nikaandika jina "ndera". Kioo kikajibu:

"Orodha ya ndera ipo tayari, ina watu 210. Ukiendelea, wote watafutwa na hawatarudi. Watabaki hawa 3. Kama hukutaka hivyo, bonyeza H, kisha toa jina jingine. Kama unataka, andika idadi ya watakaofutwa."

Kidole kilikuwa hewani kinatafuta N. Nikasoma polepole, nikabonyeza H. Walimu waliniuliza mbona natoka jasho. Nikasema ni joto la mashine.

Siku ya kufungua, wasichana 210 walivaa sare zangu, na mkono wa shati haukumzidi hata mmoja. Mkuu wa shule aliponisifu mbele ya wazazi nilizipokea sifa zote, maana kushona nilishona mimi. Lakini Jumamosi nilimweleza dada kila kitu, hata lile jasho, nikamwambia: "Umeniokoa."

Hakujivuna. Aliniuliza tu jicho langu lilisimama wapi kwanza. Nikamwambia, kwenye 210. Akavuta kiti, akaihamishia idadi mwanzoni kabisa mwa onyo, nami nikaenda kumtafutia chai.