Mpodo Unaozaa

Mimi nina ulimi, sijifichi. Tangu utotoni nilikuwa nikijibu watu kabla hawajamaliza kuuliza, na baba alikuwa akinionya kwamba ipo siku ulimi huo utaniponza. Alichokosea ni kudhani utaniponza kwa ukali. Uliniponza nikiongea kwa adabu zote, mbele ya wazee, nimesimama wima kama nipo darasani.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani, kijijini Daudi, nasubiri matokeo. Mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mpya, watu hawajazoea kwenda Babati kwa shida zao. Ndipo zikaanza habari za hati za ardhi za kimila. Kila mtu aonyeshe mpaka wake, wazee wa kijiji washuhudie, uandikwe. Jamani, watu waliokuwa wakiazimana majembe miaka yote wakaanza kutazamana kwa jicho la pembeni.

Mpaka wetu na jirani haukuwahi kuandikwa popote. Babu yangu na baba yake jirani walikubaliana kwa mdomo: mpaka ni mpodo unaozaa. Basi. Wao walijua wanasema mti gani, wakafa nao. Sisi tuliachiwa mipodo miwili iliyosalia kutoka msitu wa zamani, mmoja juu karibu na kwa jirani, mwingine chini karibu na nyumba yetu, na kati yao mteremko wa hatua kama thelathini. Baba alisema unaozaa ni wa juu. Jirani alisema ni wa chini. Hakuna aliyekuwa ameona mbegu kwenye mti wowote kwa miaka mingi, maana wa juu ni mrefu mno, na wa chini baba alikuwa akiukata matawi kila mwaka kwa sababu ulitia kivuli kwenye mahindi.

Katikati ya mteremko ule tulikuwa tumemzika mama. Alikuwa ametimiza miaka miwili tu kaburini. Na watoto wa jirani, vijana wakubwa wenye nguvu zao, walikwisha kusema wazi kwamba wakipewa kipande kile watapanda vitunguu saumu mpaka ukingo wa ua wetu. Nilipolisikia hilo nilitaka kwenda kuwatukana. Baba akanizuia, akaniambia, "Wewe umesoma miti. Kesho utawaambia wazee."

Nikafurahi, mjinga mimi. Miti hiyo nilikuwa nimeimeza. Swali la kulinganisha makundi makuu ya mimea yenye mbegu uchi nililikariri mpaka mwenzangu wa bwenini akanitishia kunihamisha kitanda. Nililala nikiamini nimeshashinda.

Asubuhi wakaja wazee wanne. Jirani akaja na fimbo yake, nikamwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia vizuri tu. Huyu ndiye mzee aliyekuwa akinibebea tranka langu kwa punda wake hadi kituo cha basi kila nikifungua shule, na hakuwahi kuomba hata kikombe cha chai.

Alfajiri baba alikuwa ameupanda mpodo wa juu, akakata tawi. Lilikuwa na vitu vidogo vya njano njano, vinaning'inia kama viwavi. "Matunda hayo hapo," akasema. Mzee mmoja akasema hayo ni maua. Mwingine akasema yeye haoni tunda wala ua, anaona ugonjwa. Wakabishana, kisha wote wakanigeukia.

Nikaanza kwa sauti ya shule. Nikawaambia miti hii yote ni ukoo mmoja kwa jambo moja, mbegu yake haifunikwi na tunda, inakaa wazi. Lakini ukoo una makundi. Kuna ule mti mfupi wa uwanja wa kanisa, tunaokata majani yake Jumapili ya Matawi, mnaouita mtende. Ule si mtende, ni saikadi, na kwao dume ni mti wake na jike ni mti wake. Kuna ginko, uko Uchina, nimeuona kwenye picha tu, nao ni hivyo hivyo, dume peke yake na jike peke yake. Kuna kundi lingine ambalo hata mwalimu wetu alilisoma kwenye daftari bila kuinua macho. Na kuna kundi la mipaina, miseprasi na hii mipodo.

"Ya Uchina hatukuuliza, binti," akasema mzee mkubwa kuliko wote.

"Nakuja, baba," nikamjibu. "Mpaina mmoja una koni, yale madude yake ya magamba, dume na jike pamoja. Mpodo hapana. Mpodo uko kundi la mpaina lakini tabia yake ni ya saikadi. Wa kiume hauzai hata ukae miaka mia. Unatoa vumbi tu, la kurutubisha ule wa kike."

Wakati nasema hivyo nilikuwa nimeshika kile kiwavi cha njano, nakisugua kati ya vidole. Nikatazama. Vidole vilikuwa na vumbi.

Ile ilikuwa chavua. Mpodo wa juu ulikuwa dume.

Wazee wakasema twende tuone na wa chini. Nikatangulia, karibu nikimbie. Pale chini, kati ya mizizi, kwenye udongo ambao kuku walikuwa wameuchakura, kulikuwa na kokwa moja la mviringo, kuukuu, gumu kama jiwe. Mbegu ya mpodo, wala hakuna kitu kingine kinachofanana nayo. Nikaikanyaga. Niliweka ndala juu yake na uzito wangu wote, nikasimama hapo.

Wakafika. Wakainua macho kwenye matawi yaliyokatwa, wasione kitu. Jirani akaegemea fimbo yake, karibu nami kabisa, hatua moja tu. Kama ningesogeza mguu angeiona. Nyuma yake niliyaona mawe tuliyopanga juu ya kaburi la mama.

"Haya," akasema mzee mkubwa. "Unaozaa ni upi?"

Baba hakunitazama. Alikuwa anatazama chini, kwenye mguu wangu.

"Ni ule wa juu," nikasema.

"Una hakika?"

"Nina hakika. Ndivyo tulivyosoma."

Watoto wa jirani wakaanza kunung'unika. Yeye akawanyamazisha kwa mkono. "Nyamazeni. Mimi na baba yake tungebishana hadi kufa, maana wote hatujui. Huyu amesoma. Nimemlea huyu, hawezi kunidanganya." Akampa baba mkono. Kisha akanipa na mimi, na ilinibidi ninyooshe mkono mbali ili nisiinue mguu.

Hati ikaandikwa. Jirani hakuninunia hata siku moja. Nikimwamkia njiani alikuwa akiitikia, "Marahaba, msomi wetu," mbele za watu, kwa sauti, na mimi nilikuwa napita haraka. Nilimkasirikia baba kwa muda mrefu, bila haki, kwa sababu ulimi ulikuwa wangu.

Mzee jirani alifariki masika moja, mimi nikiwa tayari mwalimu. Kwao palikuwa pamebaki sehemu ndogo isiyotuama maji, juu kabisa, imebanana na mizizi ya mpodo. Wanawe walichimba wakikata mizizi kwa shoka, wakitokwa na jasho, wakati mteremko mzima mkavu, wenye nafasi ya kuzika ukoo mzima, uko tupu upande wetu. Nilikuwa nimesimama na akina mama. Mkubwa wa wanawe akapanda kutoka shimoni, akapima hatua kutoka kwenye mti, kisha akanifuata.

"Dada," akaniuliza taratibu, "wewe ndiye unayejua. Hapa hatujaingia kwenu?"

Nikamwambia hapana, hamjaingia. Akanishukuru, akarudi kuchimba.