Siku Niliyomfokea Baba

Harufu ya dizeli ikichanganyika na tope bichi hunirudisha Magu hata leo, hata nikiwa katikati ya mazungumzo na watu. Nilikuwa darasa la nne. Sisi ni watu wa Mwanza mjini, familia ya Kiislamu yenye damu ya kila upande, lakini Baba alikuwa amefungua mashine ya kukoboa mpunga katika kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Magu, na likizo zetu zote ziliishia huko. Mwaka ule mvua ilinyesha mpaka vyura wakahamia stoo. Ilipokatika, barabara ya kwenda kwenye lami ilikuwa imeliwa na maji, na palipokuwa na njia palibaki korongo ambalo ng'ombe mzima angeweza kusimama ndani yake usimwone. Mpunga ulikwama majumbani, mashine ya Baba ikanyamaza. Jirani yetu aliposhikwa na uchungu, wanaume sita walimbeba juu ya kitanda cha kamba hadi zahanati, wakizama matopeni mpaka magotini. Alijifungua salama, lakini waliombeba walirudi wametapakaa tope, na jioni ile Baba alisema kwamba korongo lile lazima lifukiwe.

Alikuwa na trekta la kulimia. Akalitafutia bapa la chuma la kufunga mbele, zito na pana kama mlango uliolazwa ubavu, la kusukumia udongo. Kisha akamwita mdogo wake, Shangazi Rehema, aje kuliendesha. Shangazi alikuwa ameendesha matrekta miaka kadhaa kwenye mashamba ya miwa huko Kagera. Alikuwa mwembamba, mwenye sauti ya chini, na mtandio wake aliuchomeka ndani ya ovaroli usije ukanaswa na kitu kinachozunguka. Watu walikuja kumwangalia kama wanaokuja mpirani. Yeye aliwapa shikamoo wazee, akatabasamu, halafu akafanya mambo yake polepole mno. Alilizunguka trekta lote kwa miguu kabla ya kuliwasha, akiinama kila upande. Alijifunga mkanda. Trekta likitembea, bapa alilishusha chini, karibu na ardhi, aone mbele na trekta lisipinduke. Kwenye mteremko alikwenda moja kwa moja, hakukata kwa ubavu hata siku moja, na ukingo wa korongo aliuacha mbali, akisukuma udongo kidogo kidogo, ule mpya ukiusukumia wa zamani korongoni.

Mimi nilitaka kupanda. Nilikuwa nimewatangazia wenzangu kwamba nitakaa juu ya bawa la gurudumu, lile bati linalolifunika, pembeni ya Shangazi, kama malkia. Alikataa. "Hapa pana kiti kimoja, mwanangu, na mwenyewe ni mimi." Akachora mstari mrefu ardhini kwa kisigino. "Ukivuka huu, nazima." Nilidhani ni vitisho vya watu wazima. Siku ya pili niliuvuka makusudi, hatua moja tu, na injini ikazimwa palepale. Wanaume waliokuwa na majembe walisimama wakanitazama. Shangazi hakunigombeza. Alisubiri nirudi nyuma, akawasha. Lakini kuanzia hapo nilianza kumtazama kwa makini, labda kwa kumchukia, na kwa kumchukia nikajifunza kila kitu alichofanya. Nilijua kwamba haachi kiti kabla ya kulilaza bapa chini kabisa, kutoa gia, kuvuta breki ya mkono na kuzima. "Chuma kilichoinuliwa hakijasimama," aliniambia siku moja tukila viazi. "Kinangoja tu."

Siku ya tano, adhuhuri, Shangazi alikwenda kuswali nyumbani kwa jirani. Trekta aliliacha limezimwa, bapa limelazwa chini. Baba, ambaye ufunguo mwingine alikuwa nao, alikuwa ameona mafuta yakitiririka kwenye mpira wa haidroli, ule unaoliinua bapa. Alitaka kazi isichelewe. Akawasha, akaliinua bapa juu apate nafasi, akazima, akachukua spana na kuingia chini yake kwa magoti. Wanaume walikuwa kivulini wakila. Niliona mgongo wa shati lake la bluu chini ya chuma kile.

Katika nyumba yetu mtoto hakumpazia Baba sauti. Hata kumwita ulimwita ukimsogelea. Nilivuka mstari nikikimbia. "Baba, toka!" Hakugeuka. Nikapiga kelele kwa sauti ambayo sikujua kwamba ninayo: "Toka hapo! Toka sasa hivi! Huna akili?"

Neno lile la mwisho ndilo lililomtoa. Alirudi kinyumenyume, akasimama, uso umemwiva kwa hasira mbele ya watu wake, akanyanyua mkono anizabe kibao. Nyuma yake mafuta yakaruka kutoka kwenye nati aliyokwisha kuilegeza, na bapa likashuka. Halikupiga kelele nyingi. Lilizama tu matopeni, pale palipokuwa na magoti yake.

Mkono wake ulibaki hewani. Kisha aliushusha, akaketi chini kwenye tope na shati lake safi, akanivuta kifuani. Nilisikia moyo wake unavyokwenda. Shangazi aliporudi mbio, Baba alimwonyesha bapa lililozama. "Kesho unifundishe," alisema. "Toka mwanzo." Na kesho yake kijiji kizima kilimwona Baba, Haji mwenye mashine, akilizunguka trekta nyuma ya mdogo wake, akiinama anapoinama, akijibu maswali kama mwanafunzi. Wiki ile haikuisha kabla lori la kwanza la mpunga halijapita juu ya udongo wetu.

Leo barabara ile ina lami, na mimi ni msimamizi wa kazi za barabara za mitaani huku Buswelu, ambako viwanja vinapimwa kila kukicha. Vijana wangu wana kofia ngumu, viatu vyenye chuma mbele na mafunzo ambayo Shangazi aliyapata kwa kuangalia tu. Vifaa vimeongezeka sana. Kilichobaki kigumu ni kilekile, mdogo kumsimamisha mkubwa. Mwezi uliopita nilikuwa nikizungumza kwenye simu nikarudi nyuma bila kutazama, kuelekea mashine inayofanya kazi. Binti mmoja, siku yake ya tatu kazini, alinikamata mkono. "Mama, shikamoo, samahani… simama hapo hapo!" Kilichonijia kwanza kilikuwa hasira, nakiri, hasira kali ya mtu aliyeguswa mbele ya watu wake, na kwa mara ya kwanza nikamwelewa Baba. Nilikata simu. Niliwaita wote, nikamshukuru yule binti kwa jina lake, kwa sauti ya kusikika. Jioni hiyo, kabla hatujafunga kazi, kijana mwingine ambaye alikuwa hajawahi kunisemesha zaidi ya salamu alinyoosha kidole na kuniambia kwamba kamba ya viatu vyangu imefunguka.